Agombee udiwani au ubunge wa jimbo?

Kijana wa Minneapolis, Marekani, anayetaka kugombea ana milango miwili. Baraza la jiji lina viti 13, diwani mmoja kwa kila kata, na ndilo linaloshughulika na theluji barabarani, leseni za maduka na vibali vya ujenzi. Mpiga kura humpanga mgombea wa kwanza, wa pili na wa tatu, na wa kwanza wake akitolewa kura huhamia kwa wa pili, kwa hiyo hata kwa jirani mwenye bango la mpinzani unabisha hodi: "Basi mimi niweke wa pili." Utaratibu huo naupenda sana. Kwa utaratibu huo Abdi Warsame, mzaliwa wa Somalia, alishinda udiwani mwaka 2013.

Mlango wa pili ni Baraza la Wawakilishi la Minnesota, jimbo ambalo Minneapolis imo: lina watu 134, na muhula ni miaka 2 tu, yaani hujapumua kampeni imerudi. Mjini humo kivumbi huwa kwenye mchujo wa chama: mwaka 2016 Ilhan Omar, aliyeishi utotoni katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alimbwaga Phyllis Kahn, mbunge tangu miaka ya 1970. Fedha za shule na kodi ya mapato huamuliwa huko.

Anayeanza ningemshauri udiwani. Taka zisipozolewa, watu humpigia diwani.