Muhanga na bata wa shimoni: nani ana thamani ya pesa yako?

Haya watu wangu, karibuni tena. Leo simu tumeziweka pembeni. Nina muhanga hapa, na upande ule bata-mwitu wa kusini mwa Afrika, kitaalamu Tadorna cana. Najua mtauliza mchimba shimo na ndege wa majini wapi na wapi. Tulieni.

Muhanga kwanza. Mzigo huo, kilo 40 mpaka 65. Masikio ya punda, pua ya nguruwe. Sura, tusidanganyane, haiuziki. Lakini tazama miguu ya mbele: vidole vinne, kucha kama majembe. Akishtuka, hujawasha tochi keshazama ardhini. Ulimi unafika sentimita 30 na unanata, mchwa hana pa kukimbilia. Kasoro yake anafanya kazi usiku. Serengeti yupo, ila nenda mchana uone kama hukurudi na picha za mashimo matupu.

Bata kwa sura kashinda, hakuna ubishi. Mwili rangi ya kutu, dume kichwa kijivu, jike uso mweupe, kwa hiyo hata ukiwa mbali huwachanganyi. Kuruka anaruka, kuogelea anaogelea. Kuchimba? Sifuri. Na huyu huyu anataga chini ya ardhi!

Anatumia shimo la nani sasa? La muhanga, mara nyingi. Kule Karoo, nchi kavu ya Afrika Kusini, jike anazama mita kadhaa ndani ya shimo lililoachwa, anatandika manyoya yake mwenyewe, anataga mayai kama 10 na kuyalalia karibu siku 30. Vifaranga wakitoka, hakuna kubebwa: mguu kwa mguu mpaka majini, na maji yenyewe yanaweza kuwa zaidi ya kilomita. Hapo nimemvulia kofia.

Lakini ukimchukua bata peke yake, umenunua mpangaji asiye na nyumba. Muhanga anachimba, anahama, anachimba tena, hadai kodi. Nadhani wanaosema "kujitoa mhanga" wangemfikiria na huyu.

Bata nampa nyota tatu na nusu. Muhanga nne na nusu. Ile nusu nimeikata kwa sababu ya kunikesha. Wiki ijayo nawaletea ngiri, naye ni mpangaji wa mashimo hayo hayo, tena yeye anaingia kinyumenyume.