Chuma au aloi ya shaba na nikeli: paipu ya petroli ya Volkswagen Beetle

Katika Volkswagen Beetle ya zamani tangi liko mbele na injini iko nyuma, hivyo paipu ya petroli hupita ndani ya mfereji uliofunikwa katikati ya sakafu, mahali ambapo kutu huweza kuila kwa miaka bila mtu kuiona.

Paipu ya chuma ni nafuu, haibonyei kirahisi, na ndiyo iliyotoka kiwandani, jambo linalowagusa wanaotaka gari libaki kama lilivyoundwa. Ugumu huo huo, hata hivyo, ndio unaoleta taabu, kwa kuwa kuipitisha yote ndani ya mfereji ule bila kuikunja hadi ijibane kunahitaji fundi mvumilivu, na katika hewa ya chumvi ya Mombasa au Tanga kutu itarudi, hata paipu ikipakwa rangi.

Aloi, ambayo kwa kawaida ina takriban asilimia 90 ya shaba na 10 ya nikeli, haishiki kutu na hukunjika kwa mkono. Bei yake ni kubwa zaidi, na kwa ulaini wake ni lazima ivalishwe mpira inapotokeza kwenye bodi ili isisuguliwe. (Shaba tupu si mbadala wake, kwani mtetemo huikakamaza hadi ipasuke.)

Kwa gari linaloendeshwa pwani ningechagua aloi. Kwa gari la maonyesho, chuma. Vyovyote iwavyo, mipira inayounganisha paipu kwenye ncha zote mbili ibadilishwe pamoja nayo, hasa ule wa upande wa injini, ambako petroli ikivuja huangukia vyuma vya moto.