Hash House Harriers: mbio za kufuata unga porini, na namna ya kulitambua kundi zuri

Ukilipa ada ya Hash hulipii medali, fulana wala namba ya kubandika kifuani. Unalipia njia. Mtu mmoja, mara nyingine wawili, wamezunguka mashamba na vichaka wakitafuta vinjia, wamebeba kilo kadhaa za unga mgongoni, wakaweka alama ambazo nyote mtazifuata bila kujua zinaishia wapi. Kinywaji, chakula na soga za baadaye unaweza kuvipata mahali pengi. Njia ya namna hii huipati kwingine, ndiyo maana tunaanza kuipima yenyewe.

Mchezo huu ulizaliwa Kuala Lumpur mwaka 1938, miongoni mwa Waingereza waliofanya kazi Malaya ya wakati huo, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Mwanzilishi anayetajwa zaidi ni A. S. Gispert, mhasibu, aliyeuawa vitani Singapore Februari 1942. Jina "Hash House" lilikuwa utani wa wakazi juu ya bwalo walilokuwa wakila, ambako chakula kilikuwa kilekile kila siku. Klabu iliposajiliwa mwaka 1950 iliandika malengo yake waziwazi: afya ya mwili, kuondoa uchovu wa pombe ya wikiendi, kupata kiu nzuri na kuikata kwa bia, na kuwaaminisha wazee kwamba hawajazeeka kama wanavyojihisi. Singapore ikapata klabu yake mwaka 1962, na mwaka 1978 vilabu vya nchi mbalimbali vikakutana Hong Kong kwa mara ya kwanza. Leo vipo hata Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Lengo la nne, lile la wazee, ndilo lililoupa mchezo umbo lake, na ndilo ambalo makundi mengi mapya hulisahau.

Mwekaji njia huitwa sungura. Kwa sikio la Mswahili jina limekaa mahali pake: ni yuleyule wa hadithi, mdogo wa mwili na mwingi wa hila, anayewazungusha wakubwa mpaka wachoke. Anadondosha konzi la unga kila baada ya mita 30 au 40. Mnafuata. Mara mnakuta duara kubwa la unga na alama zimekatika: hiyo ndiyo cheki. Kutoka hapo njia halisi inaweza kwenda upande wowote, na sungura ameweka pia njia moja au mbili za uongo. Wenye kasi wanatawanyika kutafuta. Akiulizwa amepata nini, anayetafuta hujibu kwamba bado anacheki. Akikuta alama tatu mfululizo anapaza sauti, "On-On!", na wote wanamfuata. Akikuta mstari uliokata njia, ameshikwa uongo; anageuka.

Ubora wote wa Hash uko kwenye hiyo cheki, na unapimika kwa hesabu. Mkimbiaji wa kawaida anatumia dakika 6 kwa kilomita, mtembeaji wa haraka dakika 10. Kwa hiyo kila kilomita inawatenganisha kwa dakika 4. Njia ya uongo ya mita 200 ni mita 400 kwenda na kurudi, yaani karibu dakika 2 na nusu kwa mkimbiaji. Njia mbili za uongo kwa kila kilomita zinamchelewesha karibu dakika 5, na mtembeaji anafika kwenye cheki wakati mkimbiaji ndiyo kwanza anarudi akihema. Sungura aliyeipiga hesabu hii anarudisha watu 60 wakiwa pamoja, kijana wa mbio ndefu na mama wa miaka 65. Asiyeipiga anakuwa ameandaa mbio za kawaida zisizo na kibao wala mtu wa kuelekeza.

Makosa ya cheki yanajirudia kila mahali. Kosa la kwanza ni cheki chache mno, kilomita tatu bila kitu, ambapo kundi linakatika vipande viwili visivyokutana tena. La pili ni njia ya uongo yenye urefu wa mita 500 au 600. Wanaoikimbia wanapotea, wakirudi kundi limeshaondoka na sauti haisikiki. La tatu ni la wakimbiaji wenyewe: njia halisi imepatikana lakini hakuna aliyerudi kulifungua duara kwa mguu kuonyesha upande, na wa nyuma wanakuta fumbo ambalo wenzao wameshalifumbua. Kwenye kundi zuri kazi hiyo si hiari. Mtu wa kwanza kupata anapaza sauti, wa pili anafungua duara.

Alama zenyewe hutofautiana kati ya klabu na klabu. Kuna wanaotumia msalaba kwa njia ya uongo, kuna wanaotumia mistari mitatu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka sungura lazima azichore zote chini, mbele ya wageni, na kueleza moja moja. Inachukua dakika 3. Kundi linaloruka hatua hii kwa sababu wenyeji wanazijua litamtoa mgeni machozi kwenye kilomita ya pili.

Sasa unga. Njia ya kilomita 8 yenye alama kila mita 40 inahitaji alama 200. Ongeza 50 za njia za uongo. Konzi dogo ni kama gramu 30, hivyo andaa kilo 7 na nusu, na vichakani, ambako alama zinapaswa kukaribiana hadi mita 15, fika kilo 10. Unga wa ngano hushika vizuri kwenye magome na mawe. Sembe huonekana, lakini kuku na mbuzi huishambulia mapema. Sungura makini huweka alama saa mbili au tatu kabla ya mbio. Akiziweka asubuhi kwa ajili ya jioni, sisimizi na mifugo watakuwa wameshafanya kazi yao. Kwenye nyasi ndefu alama iwekwe kwenye shina, usawa wa kiuno. Kwenye mchanga mweupe wa pwani, kama ule wa Kigamboni, unga hauonekani kabisa: hapo funga vipande vya karatasi ya rangi kwenye matawi. Masika na vuli nako ni karatasi, kwa kuwa mvua ya dakika 10 inafuta kilomita nzima. Malaysia, ambako mvua za alasiri ni za kawaida, karatasi imetumika tangu zamani. Ila karatasi lazima iokotwe, na mtu wa kuiokota atajwe kabla ya mbio.

Wapo wanaotumia chokaa kwa sababu ni nafuu na haililiki. Tunapinga. Inachoma macho na ngozi yenye jasho, na watoto wa kijijini huichezea. Na kuna jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii: kumwaga unga mzuri mbele ya nyumba ya mtu anayepima kibaba si picha nzuri hata kidogo. Maduka ya jumla huwa na unga ulioingia wadudu au uliopita muda. Nunua huo, na watu wakiuliza waambie. Tena usiweke alama mlangoni, makaburini wala penye tambiko. Unga mweupe uliomwagwa usiku una maana nyingine kabisa kwa mwenye nyumba.

Kuhusu saa, desturi ya Kuala Lumpur ni kuanza saa 12 jioni, na kule inawezekana, maana jua huzama kati ya saa 1 kasoro na saa 1 na nusu. Dar es Salaam jua huzama saa 12 na dakika kumi na kitu mwezi Juni, na hata Januari halifiki saa 1. Giza la ukanda huu haliji polepole. Dakika 20 baada ya jua kuzama huoni mzizi uliokanyaga. Kundi la Dar linaloanza saa 11 na nusu kwa njia ya kilomita 10 linawapeleka watu gizani kwa makusudi. Siku ya kazi, saa 11 kamili na kilomita 6 zinatosha. Jumamosi anza saa 10, hapo kilomita 10 zinaingia vizuri. Tochi ya kichwani ibebe hata hivyo, pamoja na filimbi: msitu hula sauti ya mtu haraka kuliko unavyodhani.

Mandhari hatuna la kulalamikia. Vilima vya Pugu na Kisarawe vina kila kitu ambacho sungura anahitaji: mikorosho yenye matawi ya chini yanayoficha njia, mabonde, vinjia vya wakata kuni vinavyogawanyika kila mita mia, na udongo mwekundu unaoteleza ukilowa. Vilima vya nje ya Kampala vina migomba na mabonde ya mafunjo ambamo raba inabaki tope na mguu unatoka mtupu. Kaza kamba mara mbili. Kwenye hifadhi, kama ule msitu wa Pugu-Kazimzumbwi ulio chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu Tanzania, kibali na kiingilio havikwepeki. Nje ya hifadhi, mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa aarifiwe siku kadhaa kabla. Watu 60 wakipita kwenye mihogo michanga wanaharibu chakula cha mwaka cha familia moja, kwa hiyo sungura anapitisha njia kwenye mipaka ya mashamba, na pasipo na mpaka anatafuta kwingine.

Mwilini, adui wa pwani ni upupu. Maganda yake yakikauka, baada ya masika, vinyweleo hupeperuka ukigusa tu mmea. Usijikune wala usimwage maji haraka. Bandika selotepu juu ya ngozi uving'oe kwanza, ndipo uoge. Kwenye mkonge ncha ya jani iko usawa wa jicho la mtu anayekimbia akiwa ameinama, hivyo mashamba ya mkonge yafaa kutembewa. Maji yaliyotuama au yanayokwenda taratibu, yenye majani na konokono, yana kichocho, na sungura anayewavusha humo kwa ajili ya burudani amekosea sana. Kama mmevuka, mjikaushe kwa taulo papo hapo na mpime baada ya wiki kadhaa. Dawa yake ipo. Malaysia hatari ni nyingine: makuti ya michikichi yana miiba hata yakiwa yameanguka, na ruba hupanda kutoka kwenye majani yenye unyevu. Vaa soksi ndefu. Ruba akishashika, mwondoe kwa kupitisha ukucha kwenye ncha yake nyembamba, ukimsukuma pembeni; usimchome moto.

Ukifika mwisho kuna duara la watu. Wageni wanaitwa katikati, waliokosea wanatozwa "down-down", yaani kunywa kinywaji chote kwa pumzi moja huku wengine wakiimba, na kilichobaki wanajimwagia kichwani. Ni sehemu ya mchezo na ina furaha yake. Lakini nyimbo nyingi ni za matusi, na majina ya utani wanayopewa wanachama pia. Ukija na watoto, au kama masikio yako hayapendi hayo, uliza kwanza kama ni Hash ya familia. Kuhusu pombe hatuna mjadala: soda au maji yawe mezani bila mtu kulazimika kueleza dini yake, ujauzito wake au dawa anazotumia. Kundi linalomfanya mtu ajitetee kwa kunywa Fanta limeshindwa kwenye jambo jepesi kabisa. Na baada ya bia, nani anaendesha? Makundi mazuri hupanga magari na madereva wasiokunywa kabla ya mbio, daftari likiwa mkononi.

Cha kubeba: lita moja ya maji, hata kama kuna kituo cha kunywa katikati, raba zenye meno, suruali nyepesi inayofika chini ya goti, simu kwenye mfuko wa plastiki, plasta na bandeji moja, nguo kavu na kandambili ndani ya gari. Vito na saa za bei acha nyumbani.

Swali la kuuliza kwa simu kabla ya kwenda la kwanza kabisa ni hili: mnahesabuje watu wakirudi? Jibu zuri ni kwamba majina huandikwa wakati wa kuondoka, kuna mfunga msafara anayetembea nyuma ya wote, na chakula hakigawiwi mpaka majina yote yawekewe alama. Ukiambiwa kwamba wanaangalia kama kuna gari lililobaki kwenye maegesho, tafuta kundi jingine. Aliyekuja kwa bodaboda hana gari la kubaki.