Meli ya kitalii: kabla ya kulipa, piga hesabu ya nafasi

Mama yangu alizunguka na sahani ya mayai kama robo saa akitafuta pa kukaa. Ilikuwa Agosti, siku ya pili tangu tuondoke Barcelona. Siku hiyo meli haikuwa na bandari ya kutua, kwa hiyo abiria wote walikuwa ndani. Bufee ilijaa. Kandokando ya bwawa la kuogelea kila kiti cha kulalia kilikuwa kimetandikwa taulo tangu alfajiri, na juu ya taulo ndala moja, mwenyewe hayupo. Tukaamua kurudi chumbani. Lifti ikafunguka mbele yetu mara nne, mara zote imejaa pomoni. Mama ana miaka 68 na goti linalomsumbua. Alipanda ngazi ghorofa sita huku ameshika sahani, na tulipofika mayai yalikuwa yameshapoa.

Nilirudi nyumbani nikiamini kosa langu ni kuchagua meli kubwa. Nilipokaa na kuchunguza nikaona sivyo. Kosa langu lilikuwa kulipa bila kupiga hesabu moja ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuipiga.

Tafuta tani za ujazo za meli unayoitaka. Usizichanganye na uzito, maana hiki ni kipimo cha ukubwa wa nafasi ya ndani ya chombo. Kisha gawa kwa idadi ya abiria wakikaa wawiliwawili chumbani. Takwimu zote mbili huwa kwenye maelezo ya meli, na wakala wa safari akiulizwa anapaswa kukujibu. Kwa kadiri nilivyoona, jibu likiwa chini ya 35 jiandae kubanana; 40 hadi 50 mtu anapumua; likipita 60 umeingia kwenye meli za wenye uwezo.

Sasa tazama. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina tani za ujazo 248,663 na abiria 5,610 wakikaa wawiliwawili. Jibu ni 44. Nautica, meli ndogo ambayo watu wa Mombasa wameshaiona Kilindini, ina tani 30,277 na ilipangiwa abiria 684. Jibu ni 44 vilevile! Moja ni mji unaoelea, nyingine unaimaliza kuizunguka kabla chai haijapoa, lakini kila abiria amepewa nafasi ileile.

Ila Icon ikijazwa mpaka mwisho, watoto wakalala kwenye vitanda vya tatu na vya nne, hubeba watu 7,600. Gawa tena: 33. Meli ni ileile, kilichobadilika ni tarehe. Ndiyo maana katika orodha yangu ya meli za kuchagua, ninayoipanga hapa chini, chombo kimoja kinaweza kuwa cha pili mwezi wa Oktoba na cha mwisho mwezi wa Agosti.

Namba moja, hasa kwa anayesafiri mara ya kwanza au anayemchukua mzazi, ni meli ya kati yenye abiria 2,000 hadi 3,000 na jibu la 42 kwenda juu. Mfano mzuri ni Celebrity Edge ya mwaka 2018: tani 130,818 kwa abiria 2,908, yaani 45. Ni kubwa kiasi cha kutulia baharini, ina migahawa ya kutosha usichoke kula, na watu wa kushuka gatini si umati wa uwanja wa mpira. Hapo kwenye kushuka ndipo hesabu peke yake inapokwama, kwa sababu msongamano hautokei kila mahali melini. Unatokea kwenye lifti, kwenye bufee saa tatu asubuhi, kwenye bwawa siku ya jua, na kwenye mlango wa kutokea. Nafasi pana ghorofa ya kumi na tano haikusaidii kitu kama watu elfu tano wanataka mlango mmoja wakati uleule.

Namba mbili ni jitu jipya kama Icon, nje ya likizo za shule. Kwa wenye watoto mimi ningelipandisha hadi namba moja bila kusita, maana meli hizi zimegawanywa kwa mitaa, kila mtaa una mabwawa na vyakula vyake, na watu wanatawanyika. Bahari ya Kati, nenda Mei au mwishoni mwa Septemba. Karibi, Januari baada ya pilikapilika za Mwaka Mpya kuisha. Epuka Julai, Agosti, Krismasi na likizo ya Machi ya Wamarekani.

Namba tatu ni meli ndogo, chini ya abiria 1,000. Huduma ni nzuri na watu mnajuana kwa majina. Lakini bei yake kwa kawaida ni kubwa, burudani ni chache, na bahari ikichafuka utalijua wimbi kwa tumbo lako. Kuna safari moja tu ambapo ndogo haina mpinzani, nayo ni Antaktika. Kwa utaratibu uliowekwa huko, meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu, na nchi kavu hawaruhusiwi kuwa zaidi ya 100 kwa wakati mmoja mahali pamoja.

Ya mwisho ni meli yoyote iliyoshindiliwa msimu wa likizo. Aliyewahi kupanda boti ya Unguja mkesha wa Idi anaijua hali hiyo, ila ile ya Unguja inakwisha baada ya saa mbili hivi.

Ukishachagua meli, soma majina ya bandari moja moja. Tangu Agosti 2021 meli kubwa za tani zaidi ya 25,000 haziruhusiwi kupita mfereji wa Giudecca mjini Venice. Ukiona tangazo la "Venice" na meli ni kubwa, uliza gati lenyewe liko wapi; mara nyingi ni Ravenna au Trieste, na safari ya basi inakungoja. Santorini, kisiwa cha Ugiriki, meli hutia nanga, abiria wakashushwa kwa mashua hadi chini ya jabali, kisha wakapanga foleni ya gari la kamba au kupanda ngazi zaidi ya 500. Kwa mama mwenye goti bovu hiyo si bandari ya kufika siku zipo meli nne. Ratiba za meli zinazotarajiwa bandarini hutangazwa mapema mitandaoni, kwa hiyo angalia siku yako mtakuwa wangapi. Dubrovnik, mji wa Kroatia, imepunguza tangu 2019: meli mbili kwa wakati mmoja. Juneau, Alaska, ni meli kubwa tano kwa siku tangu 2024.

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania aangalie pia viza. Meli ikitoka Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ikapita Tunisia na kurudi, viza ya kuingia mara moja haitoshi.

Mwaka huu mama anakwenda tena, mwishoni mwa Septemba, meli ya kati, jibu 45. Chumba chake tumekichukua katikati ya meli, ghorofa moja tu juu ya mgahawa mkuu, ambako asubuhi unakaa mezani na mhudumu anakuletea mayai yakiwa ya moto.