Kichupa cha viputo: miezi minne mfukoni, Doha hadi Los Angeles

Ni kichupa cha kupimia mionzi, chembamba kama kidole gumba, kimejaa jeli angavu yenye maelfu ya vitone usivyoviona kwa macho. Nyutroni, chembe ndogo isiyo na chaji iliyomo kwenye mionzi ya angani, ikigonga kitone, kinafumuka na kuwa kiputo. Ukifika hotelini unawasha tochi ya simu nyuma yake, unahesabu. Hakitaki betri. Mashine za ukaguzi uwanjani hazikisumbui, kwa sababu eksirei hakiioni kabisa.

Mimi ni mhudumu wa ndege, kituo changu Doha. Nilikitafuta baada ya mwenzangu wa Mombasa kushika mimba akaniuliza, "Dada, huko juu tunapigwa na mionzi kiasi gani?" Nikakosa la kumwambia, na iliniuma. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi inashauri mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisivati 1 (kipimo cha dozi ya mionzi, sawa na mikrosivati 1,000) tangu mama atoe taarifa kazini hadi ajifungue.

Kichupa cha kwanza kilifika tayari kimejaa viputo, kizibo kimelegea. Muuzaji alikibadilisha, ila nilisubiri wiki tatu. Cha pili ni kizuri. Cheti chake kinasema kiputo kimoja ni takriban mikrosivati 1.

Safari ya Dar, saa 6: viputo 5. Safari ya Los Angeles, saa 16, ndege ikipanda kaskazini hadi pande za Greenland: viputo 38. Nilivihesabu mara tatu nimekaa ukingoni mwa kitanda, maana vingine hujificha nyuma ya vingine. Urefu wa safari peke yake hauelezi tofauti hiyo. Karibu na ikweta sumaku ya dunia hurudisha nyuma chembe nyingi zitokazo anga za mbali. Karibu na ncha huziachia zipenye, zigonge hewa na kuzaa nyutroni. Na nyutroni ni kama nusu tu ya dozi ya angani, nusu nyingine kichupa hakiioni. Kwa hesabu yangu, kwenda na kurudi Los Angeles ni kama mikrosivati 150. Safari 7 tu, milisivati 1 imefika. Nilimpa mwenzangu karatasi ya hesabu hiyo, akaomba zamu za Dar na Nairobi, akapewa.

Kwa habari za jua, usikitegemee. Siku mbili baada ya dhoruba kubwa ya jua ya tarehe 10 Mei 2024 niliruka tena Los Angeles, nikapata viputo 33. Wingu la sumaku kutoka kwenye jua hufagia chembe zile za anga za mbali, kwa hiyo kupungua kulitarajiwa. Mwanafizikia Mmarekani Scott Forbush aliliona jambo hili zamani. Lakini kwa viputo thelathini na kitu, kubahatisha peke yake huleta tofauti ya 5 au 6. Kushuka kwenyewe nilikuona kwenye grafu ya kituo cha kuhesabu nyutroni cha Oulu, Finland, pamoja na kale kamwinuko kadogo ka alfajiri ya tarehe 11, jua liliporusha chembe zake lenyewe. Grafu hizo ni bure mtandaoni.

Bei ni mamia ya dola na jeli huchoka baada ya miezi, kwa hiyo nunueni watu watatu mshirikiane. Kivaeni mwilini, kisiende kwenye sanduku: chini ya nyuzi 20 hesabu haiaminiki. Mkimaliza kuhesabu, kazeni skrubu ya kizibo hadi viputo vyote vipotee, na msiilegeze mpaka mlango wa ndege ufungwe.