Hekalu Kubwa la Thanjavur: nyota 5 kwa hekalu, 2 kwa mwongozaji

Watu wetu wengi wanaofika Chennai, India, kwa matibabu huishia hospitali na madukani. Nilikuwa huko namuuguza shangazi, na alipopata nafuu nikapanda treni kwenda mji wa Thanjavur. Nawashauri na nyinyi mwende.

Hekalu la Brihadisvara, ambalo wenyeji wanaliita tu Hekalu Kubwa, lilikamilika mwaka 1010 kwa amri ya Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Chola. Hadi leo watu wanasali humo. Kiingilio bure, viatu unaviacha nje.

Ukivuka malango unakutana na mnara wa itale wa zaidi ya mita 60, umesimama juu ya chumba cha Shiva, mungu wa Wahindu anayeabudiwa humo, na ndani yake ni uwazi mtupu. Thanjavur ni nchi ya mashamba ya mpunga, kwenye delta ya mto Kaveri, kwa hiyo mawe yote hayo yalisombwa kutoka mbali. Mbele ya mnara amelala Nandi, fahali wa Shiva, aliyechongwa kwa jiwe moja. Huyo ni wa karne za baadaye, enzi za watawala wa Nayak.

Sasa mwongozaji. Nilimkodi getini, akashikilia hadithi moja: eti kivuli cha mnara hakigusi ardhi. Saa kumi na moja jioni kivuli kilikuwa kimetanda uani, watoto wamekaa humo wanakula! Kilichoniuma zaidi ni kwamba alinipitisha haraka kwenye kuta za chini, na uhondo wote uko pale.

Kuta hizo zimechongwa maandishi ya Kitamil, mstari juu ya mstari, mengine yakizunguka hata mbinuko wa jiwe. Baba mmoja mzee aliyekuja kusali alinisomea kidogo. Rajaraja aliagiza kila zawadi iandikwe: alizotoa yeye, dada yake Kundavai, wake zake na watu wengine. Wamo wanawake 400 waliohamishiwa hapo kucheza ngoma za ibada. Kila mmoja ametajwa jina, hekalu alikotoka, mtaa na nyumba aliyopewa, na wote wamepangiwa fungu la mpunga. Wamo pia mafundi cherehani, vinyozi na wahasibu. Mimi ni karani wa mishahara, na nilisimama pale hadi miguu ikauma. Ni wafalme wangapi waliojenga makubwa na kumwandika kinyozi jiweni?

Michoro ya rangi ya enzi za Chola, iliyogunduliwa mwaka 1931 chini ya michoro ya Nayak, sikuiona. Ujia wenye michoro hiyo umefungwa kwa wageni. Inasikitisha, ila heri ibaki salama.

Nendeni alfajiri au jioni. Mchana hekalu hufungwa, na sakafu ya mawe inaunguza nyayo. Hela ya mwongozaji kaeni nayo, mtafuteni mtu anayesoma Kitamil, mzunguke ukuta wa chini polepole.