Nilipanda avio mpaka Anvers kuona okapi wa kwetu (na ajansi iliyonikula franga)

Ntaanza na franga juu njo kitu ya kwanza kila mtu ananiuliza. Ajansi moja ya safari hapa Lubumbashi, jina siandike, ilinichukulia dola 250 "ya kupanga safari yote", nikaongeza 60 ya kurekebisha makosa yao, na kusema ukweli kazi waliyofanya ningeifanya mwenyewe jioni tatu nikiwa nimeketi mbele ya kakibanda kangu na megabaiti ya dola 5. Zoo ya Anvers (Antwerpen), kule Ubelgiji, naipa nyota tano. Ajansi naipa moja, na hiyo moja ni ya klimatizeri yao juu ile siku jua lilikuwa linachoma.

Mi nafundisha biolojia ku Katuba, na pembeni niko na kakibanda ka fotokopi kenye kunilisha kuliko mushahara. Miaka 11 nachora okapi kwa ubao kila tukifika kwa wanyama wa Kongo, chaki nyeupe, mistari kwa miguu, shingo ndefu kidogo, vile na mimi nilikopiaga kwa mwalimu wangu. Jina lenyewe tunaamka nalo, Radio Okapi iko hewani tangu 2002, hata mama mwenye kuuzisha makala kwa kona anasema "Okapi ilisema". Lakini zunguka avenue nzima uulize nani aliishaka kumuona okapi mwenyewe, mwenye kupumua, hautapata hata mmoja. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa banki ya nyuma, ule wa kusinzia, akanyoosha mkono: "Mwalimu, masikio yake iko sawa ya mbuzi ao sawa ya punda?" Nikajibu mbio mbio, ya mbuzi. Sikuwa najua. Kwa ubao wangu masikio yalikuwaga vidoti viwili tu.

Najua kuna mtu ataniambia si uende Epulu, okapi hawako pori lingine lolote duniani isipokuwa hapa hapa Kongo, unaenda Bulaya kutafuta nini. Nilihesabu hiyo pia, msifikiri sikuhesabu. Epulu iko Ituri, kaskazini kabisa, mi niko kusini karibu na Zambia, unapanda avio, unashuka, unapanda ingine, kisha unaanza barabara, na hapo bado hatujasema habari ya usalama. Hifadhi ya okapi ilifanywa 1992, UNESCO ikaiweka kwa urithi wa dunia 1996, mwaka uliofuata tu ikaandikwa kwa listi ya zile zenye kuwa hatarini. 2012 watu wenye silaha waliingia kituo cha Epulu, wakaua watu, wakaua na okapi 14 waliofugwa pale. Basi muke wangu akasema kama unaenda huko uniachie kwanza barua ya kakibanda. Na huku yaya yangu (ndugu mukubwa) anaishi Malines, Mechelen vile wenyewe wanaandika, karibu kabisa na Anvers kwa treni, akanipigia akasema biye ya avio atalipa nusu, kulala na kula ni kwake. Hesabu ikaishia pale.

Anvers sikuichagua juu ya yaya peke yake lakini. Okapi wa kwanza alifika kwa hiyo zoo 1919, na mpaka leo pale njo wanashika kitabu cha ukoo wa okapi wote wenye kuishi kwa zoo za dunia, nani alizaliwa na nani, nani apelekwe wapi akatafutiwe mume, ili wasizaane ndugu na ndugu. Sawa vile wazee wa kwetu wanauliza kwanza wewe ni wa jamaa gani mbele hawajapokea mahari.

Sasa ajansi. Nilifika nikaeleza vizuri, nataka zoo ya Anvers, nataka okapi, wakati wa likizo ya Pasaka. Kijana wa pale, mwenye kukazwa vizuri na kravati, akaandika andika kwa ordinatere. Wiki mbili kisha ananipa programu ya safari, karatasi ya rangi, muzuri kabisa: Pairi Daiza. Panda, ule munyama wa Uchina, kwa foto. Nikamwambia kijana, hii si Anvers, hii iko Brugelette, upande wa Wawaloni, na yaya yangu haishi huko. Akacheka. "Papa, zoo ni zoo. Okapi si ni ya kwetu? Unaenda kulipa avio juu ya kitu ya kwetu? Panda, papa! Panda njo muzuri." Pairi Daiza siikatai, panda wako pale tangu 2014 na watu wanatoka mbali kuwaona, ila mi siwezi kurudi Katuba na kuanza kufundisha panda. Wakabadilisha, wakaniambia kubadilisha ni dola 20. Kubadilisha kosa lao. Nililipa, najua, nilikuwa bwege.

Dola 40 zingine zilienda kwa asiransi (bima), na hapa msikilize vizuri kama mnatayarisha dosie ya viza ya Schengen, zile inchi za Bulaya zenye kutumia viza moja. Wanataka asiransi ya safari yenye kufika angalau euro 30 000, yenye kufanya kazi inchi zote za Schengen, na ifunike kila siku uko kule, kuanzia ile unaingia mpaka ile unatoka. Ajansi walinipatia karatasi yenye kuanza kesho yake ya siku nafika. Siku moja tu, lakini mama wa kupokea dosie aliiona kwa sekunde mbili, akaweka kidole juu ya tarehe, akanirudishia yote. Nikatoka nje nimeshika bahasha sawa mtu aliyefukuzwa kwa mtihani. Nikanunua ingine mwenyewe kwa intaneti ule usiku, kwa telefone. Dakika kumi.

Viza yenyewe ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, mbele ya hapo ilikuwa 80, na wakikukatalia hazirudi. Dosie unaweza kuipeleka kuanzia miezi 6 mbele ya safari, isipungue siku 15, lakini usijiweke kwa hizo 15 tafadhali, juu wakitaka kuchunguza zaidi wanaweza kufika 45. Paspoti iwe na miezi mitatu mbele kisha siku ya kutoka kule. Barua ya yaya ya kunipokea, karatasi ya shule kwamba niko na kazi na nitarudi, mambo ya banki, vidole. Randevu ya pili yule mama akanikumbuka. Akauliza unaenda kufanya nini Ubelgiji. Nikasema kuona okapi. Akanitazama. "Monsieur, okapi haiko kwetu?" Nikasema iko. Akaandika "utalii".

Safari ya avio sina mengi, uwanja wetu wa Luano mpaka Addis na Ethiopian, Addis mpaka Bruxelles, miguu ilivimba. Toka uwanja wa avio treni iko chini ya jengo lenyewe na kuna yenye kwenda moja kwa moja mpaka Anvers, nusu saa na kidogo. Nilifikia kwanza kwa yaya nikalala siku nzima. Kesho yake njo tukaenda.

Kitu ajansi hawakuniambia, na mngepaswa kujua juu itawapunguzia teksi: zoo iko ubavuni mwa gare. Si karibu na gare, ubavuni. Unatoka Antwerpen-Centraal, ile gare ya 1905 yenye treni kwa etaji tatu, zingine juu zingine chini ya udongo, mawe sawa kanisa, unageuka kidogo tu na geti lile pale. Zoo njo yenye umri mkubwa kuliko gare, ilifunguliwa 1843. Mfalme Leopold wa pili alikuwa bado mtoto wa miaka 8, Lubumbashi yetu ilikuwa bado miaka 67 ianzwe. Nililipa zaidi ya euro 30, na ninashauri mlipe mbele kwa intaneti mwingie mapema, inafungua saa nne asubuhi, juu kufika saa sita batoto wanakuwa wengi mpaka hausikii kitu.

Kuna nyumba imejengwa sawa hekalu la Misri, ya 1856, nguzo zimeandikwa ile maandishi ya mafarao, na mule wanaweka twiga. Nilipita. Yaya alitaka foto, nikamwambia tutarudi. Okapi wako kwa jengo la mutindo wa Waarabu, la 1885, na mbele yake kauwanja ka miti.

Kwanza sikuona kitu. Niliona kivuli. Sielewi niwaelezee namna gani, kwa vitabu okapi anaonekana wazi kabisa, ile mistari inaita macho, lakini akisimama chini ya miti mwili unapotea, rangi yake ni kahawia nzito sawa kakao isiyo na maziwa, na ile mistari nyeupe ya nyuma na miguuni inakuwa sawa jua lenye kupita kwa majani. Kisha kivuli kikasogeza sikio.

Masikio! Makubwa, mapana, yanageuka moja moja, hili mbele lile nyuma, na ndani kuna manyoya. Si mbuzi. Si punda pia, punda angeona haya. Nilisimama pale nimeshika chuma, nafikiri ile vidoti vyangu viwili vya miaka 11.

Alikuwa jike, nilijua juu hakuwa na vipembe, dume tu njo ako navyo. Akakaribia tawi lililofungwa kwa ukuta, akatoa ulimi, mrefu, wa rangi ya bluu kama mtoto amekunywa wino, ukazunguka tawi na kulivuta majani yote mara moja, ukabaki mti mtupu. Kisha akageuza ule ule ulimi akajisafisha sikio. Sikio lake mwenyewe! Nafundishaga kwamba ni ndugu ya twiga na si ya punda milia, nasema hivyo kila mwaka na wanafunzi wanaandika bila kuamini, lakini ukiona ule ulimi na namna anatembea, miguu ya upande mmoja pamoja, hautauliza tena. Mtoto mmoja wa Kiflama kando yangu akapiga kelele "zebra!", mama yake akamsahihisha kirefu, na mule ndani nilielewa neno moja tu, okapi. Yaya akasema sasa unalia ao ni baridi. Ilikuwa baridi, digrii 9, koti lilikuwa la kuazima.

Nilikaa saa mbili. Yaya alienda akaona simba, sili, akarudi, mi bado niko pale.

Vingine nitapita haraka. Kuna tausi wa Kongo, ndege wa msitu wa kwetu, hadithi yake naipenda: Mmarekani mmoja, Chapin, aliona unyoya kwa kofia ya mtu kule Ituri 1913, akaubeba miaka na miaka bila kujua ni wa ndege gani, mpaka 1936 akakuta ndege wawili waliokaushwa kwa musee ya Tervuren, karibu na Bruxelles, wamewekwa pembeni na karatasi ya kusema ni tausi wa kawaida. Bonobo nao, wenye kuishi pori la Kongo peke yake, wako zoo ingine, Planckendael, karibu na kwa yaya, siku nyingine tulienda, ni kubwa zaidi na kuna nafasi, kama muko na batoto naona ni bora kuliko ile ya mjini.

Na Tervuren yaya alinipeleka siku ya mwisho, nikafikiri ni juu ya yule tausi. Tuliona musee, kisha akanivuta mpaka kanisani, nje, kwa ukuta. Makaburi saba. 1897 walileta Wakongo 267 kwa maonyesho, wakawajengea kijiji kwa bustani, watu wanapita wanawatazama, na saba walikufa. Hatukuzungumza sana kwa treni ya kurudi. Yaya alipika bukari na sombe, tukala, akaniuliza kama foto za okapi zilitoka vizuri.

Zilitoka mbaya, kivuli tu, ila moja iko na sikio. Nimeiprinta kwa kakibanda kangu, rangi, ukubwa wa A3, iko kwa ukuta wa darasa na yule wa kusinzia amehamia banki ya mbele.

Ajansi niliwaandikia kuomba zile 60 zangu. Hawakujibu habari ya franga. Wiki iliyopita kijana wa kravati alinitumia ujumbe wa sauti, anacheka: "Papa! Ulirudia? Na panda ilikuwa namna gani?"